Maswali na majibu: Kimelea cha malaria huzaanaje?

Swali: Viumbe huzaana kwa njia ngapi?

Jibu: Mbili. Moja haihitaji dume na jike: ukichomeka pingili ya muhogo ardhini, mmea unaoota ni nakala ya ule ulioukata. Ya pili ni mbegu ya kiume kukutana na yai, kama kwa kuku au kwetu sisi, na mtoto hurithi kwa wote wawili. Kimelea cha malaria kinazitumia zote, na ndipo ujanja wake ulipo.

Swali: Ndani ya mwili wangu kinatumia ipi?

Jibu: Kujigawa tu. Mbu jike wa Anofelesi akikuuma, vimelea huingia na mate yake na kukimbilia kwenye ini. Humo, kwa wiki hivi, kimoja huzaa maelfu, nawe unakwenda kazini hujui lolote. Kisha huvamia chembe nyekundu za damu. Plasmodium falciparum, aina inayoua zaidi, hujigawa ndani ya chembe moja ikawa 16 hadi 32 hivi, na baada ya kama saa 48 chembe inapasuka. Kupasuka huko ndiko kunakokutetemesha chini ya blanketi mchana wa jua kali, kisha homa, kisha jasho.

Swali: Dume na jike wako wapi basi?

Jibu: Baadhi ya vimelea huacha kujigawa, vikageuka dume au jike. Huchukua siku 10 hivi kukomaa, na havikuletei homa. Vinasubiri mbu. Akivifyonza, tumboni mwake hakuna joto kama la mwili wako, na ubaridi huo huviamsha: katika dakika 20 hivi, dume mmoja hutoa hadi mbegu 8, kila moja kama mkia unaochapa huku na huku. Mwaka 1880 daktari Mfaransa Alphonse Laveran, akiwa Algeria, aliiona mikia hiyo ikicheza kwenye damu ya mgonjwa chini ya darubini. Ndipo akajua anatazama kiumbe hai.

Swali: Kwa nini kisiridhike na njia moja?

Jibu: Kujigawa kunakipa wingi upesi. Kuungana kunachanganya urithi: mbu aliyefyonza vimelea vya koo mbili anaweza kutoa watoto wenye sifa za pande zote, usugu wa dawa ukiwemo. Klorokwini, kwa mfano, tuliizoea sana Tanzania hadi ikashindwa, ikabadilishwa mwaka 2001.

Swali: Homa imeshuka siku ya pili. Niache dawa?

Jibu: Usiache. Dawa ya mseto (ALu) ni dozi 6 kwa siku 3, na huingia mwilini vizuri zaidi ukiinywa na maziwa au chakula chenye mafuta. Homa ikishuka, vinavyojigawa vimepungua, havijaisha. Tena hata ukimaliza dozi, madume na majike yaliyokomaa yanaweza kubaki kwenye damu kwa muda. Kwa hiyo mgonjwa aliyepona aendelee kulala ndani ya chandarua: siku hizo kinawalinda zaidi wanaolala naye nyumba moja.