"Mchakato unaendelea" si jibu: dhana potofu kuhusu maswali ya wabunge

Kila mkutano wa Bunge unapokaribia, maswali hushuka kutoka Dodoma kupitia wizarani, yakafika kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yakateremka kwa wakurugenzi wa halmashauri na kuishia mezani kwa wakuu wa idara. Na kila mara, kuanzia Mangaka hadi Kilwa Masoko, kuna mtu atamshauri mwenzake: "Andika mchakato unaendelea, hapo uko salama." Ushauri huo umerithishwa kwa watumishi wapya mpaka umekuwa kama mwongozo wa kazi. Ni ushauri mbaya, na ndio utakaokula sehemu kubwa ya andiko hili.

Dhana: Jibu la jumla jumla linamlinda mtumishi

Ukweli ni kinyume chake. Jibu lisilo na tarehe wala takwimu linampa mtu mwingine nafasi ya kukupangia tarehe.

Tazama jinsi jambo lenyewe linavyokwenda. Tuseme swali linasema: "Je, ni lini Serikali itakamilisha ujenzi wa zahanati ya kijiji fulani?" Idara inaandika: "Ujenzi unaendelea vizuri na utakamilika hivi karibuni kadiri fedha zitakavyopatikana." Mkurugenzi anasaini, mkoa unapitisha, wizara inaliweka kwenye kabrasha la Naibu Waziri. Siku ya swali, mbunge anasimama na maswali yake mawili ya nyongeza. La kwanza: fedha zilizokwisha kuletwa ni kiasi gani, na zimefanya nini? La pili: wananchi walijenga boma kwa nguvu zao, mvua zinalila, Serikali inatoa kauli gani? Halafu wabunge wengine wanasimama kuuliza la kwao mojamoja.

Naibu Waziri hana kitu mkononi. Anafanya anachoweza: "Namwagiza Mkurugenzi akamilishe zahanati hiyo kabla ya mwaka wa fedha kuisha." Agizo limeingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge. Kesho yake simu inapigwa kwa Katibu Tawala, jioni inakufikia wewe. Tarehe ambayo ungeipanga mwenyewe kwa kuangalia hali ya fedha na msimu sasa imepangwa na mtu ambaye hajawahi kuliona hilo boma. Na Spika akiona swali halijajibiwa anaweza kuagiza lijibiwe upya, nawe unaandika kwa mara ya pili, safari hii kila ngazi juu yako ikisubiri.

Soma tena ile sentensi. "Hivi karibuni" na "kadiri fedha zitakavyopatikana" haziwezi kukaa pamoja. Kama fedha hazijulikani zitakuja lini, hujui kama ni karibuni. Mbunge yeyote aliyewahi kukaa kwenye baraza la madiwani ataona ufa huo kabla jibu halijamalizika kusomwa.

Jibu linalosimama lina umbo hili (takwimu ni za mfano tu): boma lilijengwa na wananchi hadi hatua ya lenta. Mwaka wa fedha 2023/24 zilitengwa shilingi milioni 50 za kulikamilisha, zote zikapokelewa. Zimetumika milioni 38 kwa kupaua, kupiga plasta na kuweka madirisha. Zimebaki milioni 12. Kazi zilizosalia ni sakafu, milango, choo, kichomea taka na mfumo wa maji, na zinahitaji milioni 26. Pengo la milioni 14 limewekwa kwenye mapato ya ndani ya 2024/25, na kazi itakamilika ifikapo tarehe fulani. Sentensi sita au saba tu, na Naibu Waziri anaweza kusimama na kurudi kwenye kiti chake bila jasho.

Angalia maneno matatu hapo: *zilitengwa*, *zilipokelewa*, *zimetumika*. Makosa mengi kwenye majibu yanatoka hapa. Mchumi anatoa tarakimu ya bajeti, mweka hazina anatoa ya mapokezi, mhandisi anatoa ya hati za malipo, kisha mwandishi anachukua mojawapo na kuandika "Serikali imetoa". Mbunge anayo taarifa ya robo mwaka aliyoipata barazani, na ndani yake kuna tarakimu nyingine. Hakuna aliyedanganya, ila Serikali inaonekana imedanganya. Andika zote tatu, kila moja na mwaka wake wa fedha, ukikumbuka kwamba mwaka huo huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Anayeandika "mwaka 2024" bila mkwaju anaacha utata wa miaka miwili ya fedha.

Na kama kweli hakuna fedha? Sema hazipo. "Mradi huu haujatengewa fedha katika bajeti ya mwaka huu, halmashauri imeuweka kwenye vipaumbele vya maombi ya mwaka ujao." Hilo ni jibu kamili la swali la "ni lini". Mbunge hatalifurahia, lakini atajua pa kupeleka nguvu zake, maana bajeti ya wizara inapita mbele yake kati ya Aprili na Juni. Ukimpa "mchakato unaendelea" unamnyima hata hiyo nafasi, na wananchi wa kijiji kile wanasubiri kitu ambacho hakijaanza. Hilo ndilo linalouma zaidi katika tabia hii yote.

Pamoja na jibu la msingi, ambalo lisizidi nusu ukurasa, tuma karatasi ya pili ya maelezo ya ziada. Iwe na:

- jina la kijiji, kata, halmashauri na jimbo, kila moja kwa usahihi;
- namba ya mkataba, jina la mkandarasi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, au kama ni fosi akaunti (halmashauri inajenga yenyewe kwa mafundi wa kawaida), tarehe kamati za ujenzi zilipoundwa;
- zile tarakimu tatu za fedha;
- asilimia ya utekelezaji na sababu moja ya wazi ya ucheleweshaji;
- maswali matano unayotarajia yaulizwe ya nyongeza, na majibu yake;
- picha ya mradi ya wiki hiyo, yenye tarehe.

Kwa hayo maswali matano, usiangalie mradi wako peke yake. Anayeuliza zahanati ataongeza wahudumu, gari la wagonjwa na zahanati ya kijiji jirani. Anayeuliza kipande cha barabara ataongeza daraja lililokatika mwezi wa tatu. Anayeuliza maji ya uwanda wa Makonde atataka kujua pampu za chanzo cha maji cha Mitema zinafanya kazi saa ngapi kwa siku na maji yanafika vijiji gani.

Majina ya maeneo nayo yanaangusha watu. Halmashauri ya Wilaya ya Masasi ina majimbo mawili, Ndanda na Lulindi, wakati Masasi Mjini iko kwenye halmashauri ya mji. Kilwa ni halmashauri moja yenye jimbo la Kaskazini na la Kusini. Halmashauri ya Wilaya ya Mtama iliitwa Lindi, kwa hiyo mafaili ya zamani yana jina lisilotumika tena. Ukitoa orodha ya miradi ya halmashauri nzima kwa swali la jimbo moja, umempa Waziri miradi ya jimbo la mtu mwingine.

Kabla ya kusaini, mpigie simu mtendaji wa kijiji. Dakika tano zinatosha. Muulize kama fundi yuko saiti leo, bati zimefika ngapi, choo kimechimbwa. Taarifa ya idara inaweza kuwa ya miezi mitatu iliyopita, na mbunge huenda alipita pale Jumamosi.

Dhana: Jibu la mkutano uliopita linatosha, badilisha tarehe tu

Hansard zipo kwenye tovuti ya Bunge. Mbunge au msaidizi wake anachapisha ya mwaka jana na ya mwaka huu, anaziweka pembeni kwa pembeni, na swali la nyongeza limejiandika lenyewe. Kabla ya kuandika, tafuta kwanza Serikali iliwahi kusema nini juu ya jambo hilo. Kama ahadi haikutimia, jibu lianze na sababu ya kutotimia.

Dhana: Barabara ni ya Tarura na maji ni ya Ruwasa, kwa hiyo mkurugenzi hahusiki

Ni kweli Tarura (wakala wa barabara za vijijini na mijini) ilianza 2017 na Ruwasa (wakala wa maji vijijini) 2019, na kazi hizo zikatoka mikononi mwa halmashauri. Barabara kuu na za mkoa ziko Tanroads. Lakini kuandika "suala hili si letu" na kulirudisha mkoani ni kupoteza siku mbili kati ya tatu ulizopewa. Siku hiyohiyo mjulishe meneja wa wilaya wa taasisi husika, pata takwimu kwake, na uandike kwenye barua nani mwenye dhamana.

Kwenye korosho ni vivyo hivyo, na mnyororo wake ni mrefu zaidi. Swali la malipo kuchelewa halijibiwi kwa kusema "wakulima watalipwa". Fedha hutoka kwa mnunuzi, zikapita chama kikuu cha ushirika, zikaenda AMCOS (chama cha msingi cha wakulima), zikaingia kwenye akaunti ya mkulima. Taja zimekwama kwenye kiungo kipi, za mnada upi, tani ngapi, wakulima wangapi. Kama ni akaunti zenye namba zilizokosewa, sema hivyo, maana tatizo hilo linatatuliwa kwenye AMCOS na mbunge anaweza kuwaambia wapiga kura wake wakahakiki namba zao.

Msimu wenyewe unakuonya. Mvua zetu za kusini zinaisha karibu na Bunge la bajeti kuanza, kwa hiyo Aprili tarajia barabara na madaraja. Mei na Juni mkulima anasubiri salfa na viuatilifu, tarajia pembejeo. Novemba hadi Februari ni minada na malipo. Anayeanza kukusanya takwimu baada ya barua kufika amechelewa kwa uzembe wake mwenyewe.

Dhana: Sheria inatupa siku 30

Siku 30 ziko kwenye Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, kwa ajili ya mwananchi anayeomba taarifa. Swali la Bunge lina tarehe yake kwenye barua, na mara nyingine ni kesho. Maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, siku ya Alhamisi, hayana hata barua. Taarifa inaombwa kwa simu asubuhi hiyohiyo. Kwa hiyo Jumatano jioni hakikisha anayekaimu idara anajua faili liko wapi.

Dhana: Mbunge akinipigia simu nikatae kuzungumza

Na pacha wake: mbunge akinipigia simu nimpe kila kitu. Zote mbili ni makosa.

Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali, na mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la halmashauri yako. Kumkatia simu au kumjibu "njoo na barua" kwa jambo lililoandikwa kwenye bango la mradi ni utovu wa adabu. Msalimie, msikilize, andika anachotaka, saa na tarehe, na namba ya kumrudia. Lililo wazi kwa umma mwambie palepale: bei ya mnada wa jana, ratiba ya chanjo, hatua ya ujenzi. Linalohitaji takwimu mwambie: "Mheshimiwa, nalifikisha kwa Mkurugenzi, utapata majibu kesho kabla ya saa nane." Kisha andika dokezo kwa Mkurugenzi na liingie kwenye faili. Mazungumzo ya WhatsApp hayana folio (namba ya ukurasa kwenye faili), na ukihamishiwa Liwale wiki ijayo yanaondoka na wewe.

Usichompa ni taarifa binafsi ya mtu mwingine. "Mgonjwa wangu alitibiwa nini?" au "mwalimu yule ana shauri gani la nidhamu?" inahitaji ridhaa ya mhusika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haijamtenga mbunge. Mwambie hivyo kwa heshima, na umweleze ndugu wa mgonjwa afike kwa nani.

Na ombi la taarifa si agizo la kazi. Mbunge akisema kisima kihamishiwe kitongoji kingine, hilo linakwenda kwa Mkurugenzi na barazani. Usimkatalie wala kumkubalia. Lifikishe kwa maandishi.

Dhana: Wa viti maalumu hana jimbo, anaweza kusubiri

Ni mbunge kamili kwa Ibara ya 66, swali lake linasomwa bungeni kama la mwenzake. Vilevile kwa chama chochote atokacho: jibu ni moja, tarakimu ni zilezile.

Dhana: Kamati ikija, kazi ni kupaka rangi na kuandaa chakula

Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa inakuja ikiwa na ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) mkononi, hoja kwa hoja. Rangi mbichi inawapa swali la ziada: imenunuliwa lini na kwa kifungu kipi? Na kuidanganya kamati kwa makusudi ni kosa chini ya Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge. Kwenye saiti kuwe na mkataba au muhtasari wa kamati ya ujenzi, makadirio ya gharama, hati za malipo, na vitabu vya mapokezi ya vifaa vilivyosainiwa na kamati ya mapokezi. Awepo pia mwenyekiti wa kijiji aliyezihesabu hizo bati zilipofika, kwa sababu kamati itamuuliza yeye kabla yako.