Chapati: maana ya jina na lilikotoka

Chapati ni mkate bapa wa mviringo, wa unga wa ngano usiotiwa hamira, unaopikwa juu ya chuma cha moto. Asubuhi za baridi Mbeya na Iringa hushindana na maandazi kwenye chai. Jioni huliwa na maharage. Jina tumelizoea hadi limekuwa letu kabisa. Lakini limetoka India, na huko linataja mkate mwingine, si huu tunaousukuma sisi.

Katika Kihindi na Kiurdu jina hili lina undugu na chapat, yaani kofi, na chapta, yaani bapa. Kwa njia ya zamani, mpishi hulipiga donge kwa viganja, mkono huu na ule, mpaka litandazike. Wapo wanaodhani chapati imetokana na kuchapa kwetu. Hapana. Karne ya 16 jina hili lilikuwa limeshaandikwa India, katika Ain-i-Akbari, kitabu cha Abu'l-Fazl kuhusu utawala wa mfalme Akbar. Chapa tunayoiona kwenye vitabu na mihuri nayo ina asili ya Kihindi, ila ni neno jingine: chhap.

Sasa tazama mapishi. Chapati ya India kwa kawaida ni kavu. Unga haujakobolewa, unakandwa kwa maji, pengine na chumvi kidogo, kisha chapati inaivishwa bila kukaangwa. Mara nyingi humaliziwa juu ya moto wenyewe hadi ifure, ndiyo maana huitwa pia phulka, iliyofura. Yetu ni unga mweupe wenye mafuta. Donge linasukumwa, linapakwa mafuta, linakunjwa na kuviringishwa, linaachwa kidogo, linasukumwa tena, kisha linakaangwa. Sifa yake kubwa ni kuchambuka.

Mkate huo Wahindi wanaujua vizuri sana, nao wanauita paratha: parat ni tabaka, atta ni unga. Jina la paratha limesafiri mbali. Mauritius ni farata, Myanmar palata, Singapore prata. Kwetu mapishi yake yalifika na kupendwa, lakini jina lililoshika ni la ndugu yake mkavu. Yote mawili yalikuja na Wahindi waliofanya biashara pwani kwa karne nyingi, na wengine walioletwa kujenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria kuanzia 1896. Huku nyanda za juu, Wahindi wenye maduka walikaa Iringa na Mbeya tangu enzi za ukoloni.

Anayetaka kuonja chapati ya jina lile la mwanzo hahitaji kwenda mbali. Makete, mkoani Njombe, wanalima ngano. Isage bila kukoboa, kanda kwa maji, sukuma nyembamba, ivisha bila tone la mafuta. Ni tamu kweli ikiwa ya moto.

Nairobi wamelifupisha jina kuwa chapo. Sisi tumelitanua, maana tuna chapati za maji: unga, maji na yai, pamoja na sukari au kitunguu, vinakorogwa na kumiminwa kwenye kikaango. Hapo hakuna kusukuma wala kukunja, na donge la kupigwa viganjani halipo. Umebaki ubapa na chuma cha moto, na kwa mlaji wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, hiyo nayo ni chapati.