Afya ya kujamiiana baada ya upasuaji wa kubadili jinsia

Swali ambalo mgonjwa hulichelewesha hadi anapokaribia kuaga ndilo mara nyingi linalomkosesha usingizi: je, baada ya upasuaji nitaweza kufurahia kujamiiana? Linastahili kuulizwa mapema, kabla ya siku ya upasuaji, kwa kuwa jibu lake hutegemea aina ya upasuaji na pia namna kiungo kipya kitakavyotunzwa kwa miaka inayofuata.

Mwanamke aliyezaliwa na mwili wa kiume anapotengenezewa uke, daktari kwa kawaida hutumia ngozi ya uume kuwa ukuta wa uke, na sehemu ya kichwa cha uume, pamoja na mishipa yake ya fahamu, huifanya kinembe. Ndiyo maana wengi hufika kileleni, ingawa kwa namna tofauti na ya zamani, na huchukua muda kuuzoea mwili upya. Madaktari wengi hushauri kusubiri takriban wiki 12 kabla ya kuingiliwa ukeni. Uke wa ngozi hautoi ute wa kutosha, hivyo kilainishi kinahitajika kila mara, na kiwe cha maji, kwa sababu mafuta huharibu kondomu za mpira.

Jambo linalochosha zaidi ni kipanuzi, kifaa kigumu kinachoingizwa ukeni ili usizibe wala kupungua. Kovu linapopona hujivuta na kubana, kwa hiyo kipanuzi huingizwa mara kadhaa kwa siku katika miezi ya mwanzo, kisha hupunguzwa hatua kwa hatua hadi mara chache kwa wiki, na wengi huendelea nacho maishani. Anayeacha mapema hupoteza kina na upana wa uke, na kuvirudisha ni vigumu, pengine hadi apasuliwe tena. Ninalisisitiza hili kwa sababu wapo wanaoacha kwa maumivu au kwa aibu, ilhali misuli ya nyonga iliyokaza huweza kulegezwa kwa msaada wa mtaalamu wa fiziotherapia. Mkojo au kinyesi kikipita ukeni, hiyo ni dalili ya fistula, yaani tundu lisilo la kawaida kati ya uke na njia ya mkojo, kibofu au utumbo, na mgonjwa arudi hospitalini bila kungoja.

Kwa mwanamume aliyezaliwa na mwili wa kike, na aliyetengenezewa uume kwa ngozi ya mkono, subira ni ndefu zaidi. Neva hukua takriban milimita 1 kwa siku, hivyo hisia hurudi polepole, pengine kwa zaidi ya mwaka, na kifaa cha kuusimamisha uume huwekwa baadaye, hisia za kumlinda asijeruhiwe bila kujua zisharejea.

Viungo vilivyobaki navyo huhitaji uangalizi. Mwanamume ambaye bado ana shingo ya kizazi anahitaji kupimwa saratani yake, na aliye na kizazi na ovari anaweza kushika mimba hata akitumia testosteroni, kwa kuwa homoni hiyo si dawa ya kuzuia mimba. Magonjwa ya zinaa na VVU huweza kuambukizwa kupitia kiungo kipya pia.

Tezi dume ya mwanamke aliyetengenezewa uke haitolewi katika upasuaji huo. Huweza kuguswa kupitia ukuta wa mbele wa uke, na kwa baadhi ya wanawake huwa chanzo cha raha. Lakini huweza pia kupata saratani. Kwa kuwa homoni za kike hushusha kipimo cha PSA, kipimo cha damu kinachotumika kutafuta saratani hiyo, matokeo yanayohesabiwa kuwa ya kawaida kwa wanaume yanaweza kuwa ya juu kwake, na daktari anayeyasoma lazima aambiwe.