Ajali ilitokea wapi hasa? Hapo ndo data inakwama

Watu wakisikia nafanya kazi na data za ajali hapa Nairobi wanadhani shughuli yenyewe ni kuhesabu, ati tunajumlisha tu waliokufa halafu ripoti inatoka. Kuhesabu ni rahisi bana. Kinachokula muda ni kujua ajali ilitokea wapi hasa, manake kompyuta haiwezi kukuonyesha pa kuweka bampu kama rekodi inasema tu "Mombasa Road".

Kwa miaka mingi polisi wameandika ajali kwa mkono, kwanza kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, kisha kwenye P41, fomu yao ya kuripoti ajali, na askari aliyefika pale usiku mvua ikinyesha ana majeruhi wa kushughulikia, hana nafasi ya kutafuta GPS. Ataandika "karibu na Roasters", stage ya Thika Road, na mtu wa Nairobi ataelewa palepale. Mashine haielewi. Na hata ukiipata Roasters kwa ramani bado hujui ni ile lane ya kuingia tao au ya kutoka, au ni kule chini kando matatu zinapobebea watu.

Watafiti wa Benki ya Dunia walijaribu njia nyingine, wakachukua twiti za Ma3Route, pale wananchi wanaporipoti jam na ajali. Walipitia twiti 874,588, wakapata ripoti za ajali 32,991 za kati ya 2012 na 2020, halafu zile zinazohusu tukio moja zikiunganishwa zikabaki ajali 22,872. Utamu uko kwa vile programu ilivyofunzwa kusoma mahali. Mtu anaandika ajali iko mkabala na GSU, jam imefika Pangani, pitia Kiambu Road: hapo kuna sehemu tatu na ajali ni moja, kwa hivyo programu inaangalia vile vineno vilivyotangulia jina, "karibu na", "mkabala na", ndo ichague. Ajali nyingine walituma watu wa pikipiki wakazihakiki saa hiyo hiyo na usahihi ukawa asilimia 92, si mchezo.

Naipenda hiyo kazi lakini siiamini peke yake. Mtu anatwiti kinachomchelewesha, magari mawili yakikwaruzana asubuhi yataripotiwa mara kumi, ila mtu wa miguu akigongwa saa tisa usiku na dereva atoroke, hakuna jam, hakuna twiti. Polisi ni kinyume chake, wanaandika vifo, lakini mikwaruzo watu wanamalizana wenyewe kando ya barabara. Kwa hivyo usizijumlishe, ziweke juu ya ramani moja uone zinapokubaliana na zinapokataana, na pale polisi wana alama nyekundu na Twitter imenyamaza mimi huwa natumwa kupaangalia usiku, si mchana.

Kuna pia hii ya vifo. Kipimo cha kimataifa kinahesabu aliyekufa ndani ya siku 30, lakini rekodi ikishaandikwa "majeruhi" mara nyingi inabaki hivyo hata kama alikata roho wiki iliyofuata, sasa inabidi uoanishe na orodha za hospitali na mochari, na jina moja limeandikwa kwa herufi tofauti kila mahali. Umri na tarehe ndo husaidia.

Ukishapata sehemu mbaya usikimbilie kujenga. Kuchagua kwa data ya mwaka mmoja ni kujidanganya, manake sehemu iliyokuwa na mwaka mbaya sana huwa inashuka yenyewe tu, utaweka bampu, ajali zipungue, useme ni bampu. Nataka miaka mitatu hadi mitano, na sehemu zinazofanana ambazo hazikuguswa za kulinganisha. Viongozi hawapendi kungoja hivyo, wanataka kukata utepe mwezi ujao, basi huwa naomba kitu kimoja, spidi ipimwe kabla bampu haijawekwa na ipimwe tena baadaye, kwa sababu spidi ikibadilika utaiona wiki hiyo hiyo bila kungoja watu wengine wagongwe.