Lenzi isiyo na kioo: dhana potofu kuhusu galaksi na sayari za mbali

Anga la Dodoma ni zuri kuliko wenyeji wengi wanavyodhani. Kiangazi chake ni kirefu, na ukitoka kwenye taa za mji kuelekea Bahi au Kongwa unapata giza la kutosha. Hata hivyo, habari za watafiti wa anga hapa zimejaa mambo ya kusikia. Haya ndiyo yanayorudi kila mara, vijiweni, kwenye daladala, na kila Agosti kwenye viwanja vya Nanenane pale Nzuguni, mara tu mtu anaponyoosha kidole juu.

"Hao si ndio watabiri wa nyota?"

Wanatabiri, ila si ndoa wala bahati. Novemba 2014 nyota iliyolipuka katika galaksi (mkusanyiko wa mabilioni ya nyota) ya mbali sana ilionekana mahali panne kwa pamoja, kwa sababu galaksi iliyokuwa njiani ndani ya kundi kubwa la galaksi iligawa mwanga wake kama lenzi. Mlipuko huo ukapewa jina la Refsdal. Wanafizikia walipima uzito wa kundi lile, wakapiga hesabu, wakasema kuna taswira nyingine bado iko safarini, itatokea kuanzia mwishoni mwa 2015. Darubini ya Hubble ikaiona Desemba 2015. Mpiga ramli gani hukupa majira na mahali, kisha akakukaribisha uje ukamkague?

"Lenzi wanayoisema ni kioo kikubwa ndani ya darubini"

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na si kosa lao, maana neno lenzi linamkumbusha kila mtu miwani. Lenzi ya mvutano haikutengenezwa na mtu. Ni uzito wenyewe: nyota, galaksi, au kundi la galaksi maelfu lililosimama kati yetu na kitu cha mbali zaidi. Kwa nadharia aliyoikamilisha Einstein mwaka 1915, uzito hupinda nafasi, na mwanga unaopita hapo hufuata mpindo huo.

Wengine huongeza kwamba ni mashimo meusi tu yenye uwezo huo. Jua letu linatosha. Wakati wa kupatwa kwa Jua tarehe 29 Mei 1919, vikundi viwili vya Waingereza, kimoja kisiwani Principe kikiongozwa na mwanaastronomia Eddington na kingine Sobral nchini Brazil, vilipiga picha za nyota zilizoonekana kando ya Jua lililofunikwa. Nadharia ilidai mwanga unaopita ukingoni mwa Jua ugeuke kwa sekunde za tao 1.75, yaani kama sehemu moja ya elfu ya upana wa Mwezi tunaouona. Vipimo vikaiunga mkono. Waliokwenda Rujewa, Mbeya, kutazama kupatwa kwa Septemba 2016 wasingeweza kurudia jaribio hilo, kwa sababu Mwezi uliacha pete ya Jua ikiwaka na nyota hazikuonekana.

Ila lenzi hii ni mbovu ukiilinganisha na ya miwani. Ya miwani hupinda zaidi miale inayopita pembeni na kuikusanya mahali pamoja. Ya mvutano hufanya kinyume: mwale unaopita karibu na kiini ndio unaopindwa zaidi, kwa hiyo taswira hutoka imevutwa, imekuwa upinde, imegawanyika au imekuwa pete. Tazama mwali wa mshumaa kupitia kitako cha glasi ya mvinyo (Dodoma hatukosi) na utaona jambo linalofanana sana na hilo.

Ubovu huo ndio faida ya mtafiti. Kadiri upinde ulivyovutwa, ndivyo anavyojua lenzi ina uzito gani, na uzito unaopatikana unazidi kwa mbali ule wa nyota na gesi zinazoonekana. Ziada hiyo ndiyo huitwa maada ya giza. Hakuna aliyewahi kuishika, lakini mwanga unaopinda unaonyesha imelala wapi.

"Picha za rangi za sayari za mbali zimepigwa na kamera"

Karibu zote zimechorwa. Sayari chache sana nje ya mfumo wetu zimewahi kupigwa picha, nazo huonekana kama vidoa vya mwanga. Zaidi ya 5,000 zimethibitishwa, nyingi kwa sababu nyota zao hufifia kidogo sayari inapokatiza mbele, au kwa sababu nyota huyumba kidogo ikivutwa na sayari yake.

Njia ninayoipenda mimi ni ya lenzi ndogo. Nyota moja inapita mbele ya nyingine iliyo mbali zaidi, na mwanga wa ile ya nyuma unapanda kwa wiki kadhaa kisha unashuka. Nyota iliyo mbele ikiwa na sayari, mchoro wa mwanga unapata kinundu cha saa chache au siku moja hivi. Basi. Hujaiona sayari, mara nyingi hujaiona hata nyota yake, na tukio lenyewe halijirudii. Mwaka 1936 Einstein aliandika kwamba hakuna matumaini makubwa ya kuona nyota moja ikiwa lenzi ya nyingine. Hakuwa na kompyuta za kufuatilia mamilioni ya nyota kila usiku. Leo matukio zaidi ya 1,000 hunaswa kwa mwaka, na sayari ya kwanza kupatikana kwa njia hii ilionekana 2003.

Darubini zinazosaka matukio hayo huelekezwa hasa kwenye kitovu cha Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, palipojaa nyota. Mwezi Agosti, mnamo saa tatu usiku, kitovu hicho kiko juu sana Dodoma, kidogo tu kusini mwa utosi.

"Kuna sayari inaitwa Tanzanite, ina madini"

Jina ni kweli. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliipa kila nchi nafasi ya kuzipa majina nyota moja na sayari yake, na Tanzania ikachagua Mpingo kwa nyota WASP-71 na Tanzanite kwa sayari yake. Lakini ni jitu la gesi, uzito wake ni zaidi ya mara mbili ya Mshtarii, na linaizunguka nyota yake kwa muda usiofika siku tatu, hivyo linaungua kwa joto. Wachimbaji wa Mererani wasifunge mizigo: ni zaidi ya miaka ya mwanga 1,000 kutoka hapa, na mwaka mmoja wa mwanga ni umbali, si muda, kiasi cha kilomita trilioni 9.46.

"Galaksi nyingine hazionekani kwa macho"

Andromeda huonekana. Usiku wa Novemba usio na mwezi, tazama kaskazini. Mwanga unaokufikia umesafiri miaka milioni 2.5.

"Bila darubini kubwa Dodoma hakuna utafiti"

Watafiti wengi hawachunguli kwenye darubini kabisa; wanashinda mbele ya kompyuta. Galaksi NGC 6505 ilijulikana tangu 1884, na pete iliyozunguka kiini chake haikuonekana hadi mtu alipokagua picha za majaribio za darubini ya angani ya Ulaya, Euclid, kilichorushwa Julai 2023. Picha za Euclid zilizokwisha kutolewa ziko wazi kwa yeyote, na watu wa kawaida wamekwisha kushirikishwa kusaka lenzi humo kupitia mtandao. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwenye kompyuta ya mpakato na bando anaweza kuanza wiki hii. Atahitaji lugha ya programu ya Python, takwimu nyingi, na uvumilivu wa kupitia mamia ya picha ambazo hazina pete yoyote.