Jambiani: angalia mwezi kabla ya kulipia chumba

Picha nyingi za hoteli za Jambiani hupigwa maji yakiwa yamejaa. Mgeni akifika siku za bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, saa nne asubuhi anakuta bahari imekwenda zake hadi karibu na mwamba, ngalawa zimelala mchangani, na lawama zote zinatua mapokezi. Hoteli haina kosa. Mashariki ya Unguja ndivyo ilivyo.

Hesabu yake ni nyepesi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, na kilele chake ni siku moja au mbili baadaye. Siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo baada ya wiki, wakati wa maji mafu, mambo yamepinduka: asubuhi kumejaa, jioni kumepwa, ila maji hayaendi mbali. Anayetaka kuogelea tu aje maji mafu. Mimi ningekuja bamvua, kwa sababu ndipo kijiji kinaposhuka pwani kufanya kazi.

Mwani ulianza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Kamba huvutwa kati ya vigingi viwili, na kila baada ya kama shibiri moja hufungwa kipande cha mwani kwa kikamba chembamba. Fundo huachiwa nafasi: likikazwa mno hukata shina mwani unaponenepa, likilegea wimbi huondoka nao. Baada ya wiki sita hivi huvunwa na kuanikwa. Aina za mwani ni kotonii na spinosamu: kotonii ina bei nzuri zaidi lakini haistahimili joto. Maji ya kina kifupi yakipata moto, matawi hugeuka meupe na kukatika, ndiyo maana mashamba mengi unayoyaona ni ya spinosamu. Pita kando ya kamba, usizikanyage, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Watu wako kazini.

Ukitaka kutembea hadi mwambani, ondoka dakika tisini kabla ya maji kupwa kabisa, ukiwa na mwenyeji na viatu vya plastiki vilivyofungwa vizuri (ile miiba myeusi ya viumbe wa baharini huvunjikia ndani ya nyayo). Maji yakianza tu kurudi, geuka. Hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yako, na anayesubiri kuyaona mbele amechelewa.

Alasiri ya bamvua nenda msitu wa Jozani. Njia ya mbao kwenye mikoko hupendeza maji yakijaa. Yakipwa utaona matope na kaa. Kima punju, ambao asili yao ni Unguja, usiwape chakula. Wana tumbo la majani, na wengine hula mkaa kupunguza sumu ya majani hayo.

Kizimkazi Dimbani weka siku nyingine: msikiti wake una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Vaa nguo za heshima na usiende saa ya sala.

Juni hadi Septemba upepo wa kusi hupiga usoni mwa ufuo huu na kuleta majani mengi ya baharini. Mwenye usingizi mwepesi aombe chumba cha upande wa bustani.