Risasi ya bastola haimrushi mtu nyuma

Imani kwamba risasi ya bastola yenye kipenyo cha inchi 0.45 humwinua mtu na kumtupa nyuma ilikomaa nchini Marekani. Wanajeshi wake waliopigana Ufilipino walilalamika kwamba bastola za inchi 0.38 hazikuwasimamisha wapiganaji wa Kimoro, yaani Waislamu wa kusini mwa nchi hiyo. Jeshi likafanya majaribio mwaka 1904, na mwaka 1911 likachagua bastola ya inchi 0.45 iliyobuniwa na John Browning, ambayo sifa zake zimevuma kuliko mlio wake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Risasi hiyo ina gramu 15 hivi na hutoka kwa kasi ya takriban mita 250 kwa sekunde, kwa hiyo hata ikikwama mwilini mwa mtu wa kilo 80, itamsukuma kwa mwendo wa sentimita 5 tu kwa sekunde, yaani polepole kuliko mtoto anayetambaa. Zaidi ya hayo, kwa kanuni ya Newton kwamba kila msukumo huleta msukumo sawa wa kinyume, msukumo unaompata mlengwa hauzidi ule unaoupata mkono wa mpigaji, naye mpigaji haanguki. Anayepigwa huangushwa na jeraha, au na mshtuko.

Wapo wanaojitengenezea risasi nyumbani kwa kujaza maganda baruti, shughuli ya kawaida nchini Marekani, ambao huongeza baruti kupita kipimo wakitafuta nguvu hiyo ya kuangusha. Kasi ikiongezeka kwa asilimia 10, msukumo huo huongezeka kwa nusu sentimita tu kwa sekunde, ilhali shinikizo ndani ya chemba, yaani sehemu ya bastola ambamo risasi hulipukia, hupanda upesi zaidi, na bastola inaweza kupasukia mkononi.